Kama virusi havionekani, viko wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Busia, upande wa Uganda, anayeuza mukene, yaani dagaa, sokoni. Yuko mwaka wa saba kwenye ARV, dawa za virusi vya UKIMWI. Mara nne mfululizo kituo cha afya kimemwambia virusi havionekani katika damu yake. Anameza kidonge kila usiku saa tatu, na amechoka. Jirani yake aliacha dawa baada ya kuombewa, huu ni mwezi wa nne na bado ananawiri. "Malaria nameza dozi siku tatu imeisha," anaandika. "Hawa virusi kama hawaonekani wako wapi? Na kama wapo, mbona dawa ya miaka saba haijawaua?"

Dada yangu, ikifika saa tatu kimeze kwanza kidonge cha leo, kisha turudi hapa tuongee, maana swali lako linastahili jibu refu. Wengi wanalo moyoni na wanaogopa kumuuliza muuguzi mwenye foleni ya watu sitini mlangoni.

Kwa kifupi ni hivi. Virusi viko ndani ya baadhi ya seli zako za kinga, seli chache sana, ambazo kwa sasa zimelala. Humo ndani havitambai kama wadudu. Viko kama maandishi, yaliyoingizwa katika DNA yako mwenyewe, yale maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli. Dawa unayomeza haiyafuti maandishi hayo. Inayazuia yasitoke kwenda kuandikwa katika seli nyingine. Ukiacha dawa, kizuizi kimeondoka na maandishi yapo palepale.

Sasa tulieleze taratibu, na tuanze na malaria kwa kuwa wewe mwenyewe umeitaja.

Kimelea cha malaria ni kiumbe kamili. Kinakula, kinakua, kina mitambo yake ya kutengeneza protini. Kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu kinaila ile damu, na madini ya chuma yanayotoka katika mlo huo ndiyo yanayoiwasha artemether uliyomeza ikawa sumu ya kukimaliza. Yaani tunamtilia adui sumu kwenye chakula chake. Akila, anakufa, dozi imeisha, unarudi sokoni.

Kirusi hakili, hakipumui, na hakina mitambo ya kutengeneza protini. Ukipita soko la Owino pale Kampala utawakuta mafundi cherehani wamekaa mstari mzima. Mchukulie kila fundi kuwa ni seli: ana cherehani, kitambaa, uzi, umeme, na kitabu kikubwa cha mishono yake ambacho hukifungua kila akitaka kushona. Kirusi ni karatasi ndogo yenye mshono mmoja, imekunjwa ndani ya bahasha. Iache mezani hata mwaka, haitashona kitu. Lakini ikiingia mikononi mwa fundi asiyejua kutofautisha karatasi yake na ya mgeni, atashona kilichochorwa. Na kilichochorwa humo ni karatasi nyingine, na bahasha nyingine, kwa maelfu.

Ndiyo maana ni vigumu kukitilia sumu. Hakina mlo wake wala pumzi yake. Karibu kila kinachofanyika wakati kirusi kinazaliana, kinafanywa na seli yako kwa nguvu zako na kwa chakula chako. Ukiipiga cherehani nyundo umempiga fundi. Dawa nzuri ya virusi lazima itafute zile hatua chache ambazo fundi hazifanyi katika kazi yake ya kawaida, ambazo kirusi kimekuja nazo chenyewe. Kwa kirusi cha UKIMWI hatua hizo tumezipata kadhaa, na vidonge vyako vinazibana mbili.

Kirusi cha UKIMWI, VVU, ni kidogo kiasi kwamba ukivipanga kama elfu nane au elfu kumi kwa mstari mmoja ndipo upate milimita moja. Bahasha yake ya nje ni utando wa mafuta, na hata mafuta hayo kimeyabeba kutoka kwenye seli kilikotokea. Juu ya utando huo kuna vijiti vichache vya protini. Kikielea ndani ya damu hakijui kinakokwenda, hakifukuzi mtu. Kinagongana na seli moja baada ya nyingine mpaka vile vijiti vinase kwenye kitu kinacholingana navyo. Kitu hicho ni CD4. Kliniki umezoea kusikia CD4 kama idadi, CD4 mia tano, CD4 mia saba. Kwa asili ni jina la protini iliyosimama juu ya ngozi ya seli fulani za kinga, na kazi yake halali ni kuzisaidia seli hizo kumtambua adui. Kirusi kimeifanya kitasa cha kuingilia.

Kitasa kimoja hakitoshi. Kikishashika CD4, kile kijiti kinajikunja na kutafuta kitasa cha pili pembeni, mara nyingi kinachoitwa CCR5. Liweke hilo jina moyoni, nitalirudia. Vitasa vyote viwili vikishashikwa, utando wa kirusi unavutwa karibu na utando wa seli mpaka vinaungana, kama matone mawili ya mafuta juu ya mchuzi yanavyogusana yakawa tone moja. Kilichokuwa ndani ya bahasha sasa kiko ndani ya seli.

Kila kirusi kina kitasa chake. Cha mafua hushika sukari zilizo juu ya seli za koo na mapafu. Ebola, ambayo sisi Uganda tumezika watu wengi kwa ajili yake, Gulu mwaka 2000, Mubende na Kassanda mwaka 2022, yenyewe humezwa na seli nzimanzima kama tonge, na ni baada ya kuwa ndani ya kile kifuko ndipo inapokuta kitasa chake na kutoboa. Lakini Ebola au surua vikishaingia hufanya kazi yao ya kunakili bila kugusa DNA ya seli. Huzalishwa kwa kasi, mwili unapambana, na mwisho wa pambano mara nyingi unafika ndani ya wiki chache, kwa heri au kwa shari. VVU ni wa ukoo mwingine kabisa.

Ndani ya seli, VVU kinasafiri kikiwa ndani ya ganda la protini lenye umbo la pia, tunaliita kapsidi. Humo mna nakala mbili za maandishi yake, kila moja ina herufi elfu tisa na ushei. Yako wewe, kwa kulinganisha, yana herufi bilioni tatu. Ila ya kirusi yameandikwa kwa RNA na yako kwa DNA, na kitabu cha fundi hakipokei karatasi ya RNA. Hapo ndipo kirusi kinapotoa kimeng'enya chake cha kwanza (kimeng'enya ni protini inayofanya kazi maalumu), kinachosoma RNA na kuiandika upya kuwa DNA. Zamani wataalamu waliamini habari za uhai hutiririka upande mmoja tu, kutoka DNA kwenda RNA. Mwaka 1970 Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake Marekani, walionyesha kwamba kuna virusi vinavyoandika kinyumenyume. Bila ugunduzi huo, VVU kilipokuja kutambuliwa mwaka 1983 tungekuwa tunapapasa gizani.

Soma kichupa chako. Kama ni kile kidonge kimoja ambacho wengi wetu Uganda tunapewa, kina dawa tatu: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mbili za kwanza zinafanya kazi hapa hapa. Zinafanana na herufi za DNA, kwa hiyo kimeng'enya cha kirusi kinaziokota na kuziweka kwenye mstari. Sasa fikiria mnyororo wa boda. Kila pingili ina tundu la kushikia pingili inayofuata. Hizi dawa ni pingili isiyo na tundu la pili. Ikishafungwa mnyororo umekatikia hapo, na DNA ya kirusi inabaki kipande kisichofaa kitu.

Zikiponyoka nakala chache zikakamilika, zinaingia kwenye kiini cha seli, na hapo kirusi kinatoa kimeng'enya cha pili. Hiki kinakata DNA yako, kinaichomeka ile ya kirusi katikati, na seli yenyewe inashona kidonda kile kwa uaminifu wote. Kuanzia dakika hiyo karatasi ya mgeni ni ukurasa ndani ya kitabu cha fundi, mwandiko uleule, wino uleule. Hakuna dawa iliyoko kliniki leo inayoweza kuunyofoa ukurasa huo. Dolutegravir inafika kabla: inakikaba kimeng'enya kile kisiweze kuchomeka.

Nitoke nje ya mstari kidogo, kwa sababu jambo hili nimeliona likiwaharibia watu. Katikati ya kimeng'enya hicho kuna chembe mbili za magnesi, na dolutegravir inafanya kazi kwa kuzing'ang'ania hizo. Kwa hiyo ukimeza vidonge vya vidonda vya tumbo vyenye magnesi au alumini, vile tunavyonunua dukani kiholela, dolutegravir itaing'ang'ania magnesi iliyo tumboni na haitafika kwenye damu vya kutosha. Meza ARV muda wa saa mbili kabla ya vidonge hivyo, au muda wa saa sita baada yake. Vidonge vya damu vyenye madini ya chuma na vya kalsiamu, wanavyopewa wajawazito, unaweza kuvimeza pamoja na ARV ikiwa umekula chakula. Bila chakula, vitenganishe kwa saa hizohizo. Na ukianzishiwa dawa za kifua kikuu mwambie mhudumu kwamba uko kwenye ARV, maana moja ya dawa hizo huimaliza dolutegravir haraka mwilini na huenda ukahitaji dozi ya pili kwa siku.

Turudi kwenye ukurasa. Seli yenye ukurasa huo ikiwa kazini, mitambo yake inaunakili kama inavyonakili kurasa zake halali. Protini za kirusi zinatengenezwa, zinakwenda kukusanyika chini ya utando wa seli, zinausukuma nje mpaka unavimba kipele kidogo, kipele kinakatika, na kirusi kipya kimetoka kimejifunika kipande cha ngozi ya seli. Bado hakijakomaa. Kimeng'enya cha tatu lazima kikatekate protini zilizo ndani ndipo zijipange kuwa lile ganda la umbo la pia, na zipo dawa zinazoibana hatua hiyo pia, wanazozijua waliohamishiwa mstari wa pili wa matibabu. Mtu asiyetumia dawa hutoa virusi vipya kama bilioni kumi kila siku. Seli inayofanyishwa kazi hiyo haidumu, hufa ndani ya siku moja au mbili.

Sasa uone kilichotokea mwilini mwako miaka saba iliyopita ulipoanza dawa. Seli zilizokuwa zikizalisha zilikufa kwa siku chache, kama zilivyokuwa zikifa siku zote. Safari hii virusi zilivyoviacha havikuweza kuingia seli mpya. Ndiyo maana wingi wa virusi katika damu huporomoka haraka namna ile, wiki kadhaa tu, na wengi ndani ya miezi michache huambiwa havionekani. Umeona? Dawa haikuua seli hata moja. Iliziacha zife zenyewe na ikakata urithi.

Lakini seli za kinga zina tabia yao, na tabia hiyo ndiyo iliyotuponza. Vita ikiisha, nyingi kati yake hufa, ila chache hupewa kazi ya kumbukumbu. Zinakwenda kulala katika tezi, kwenye utumbo na kwingineko, miaka na miaka, zikingoja adui yuleyule arudi. Ndizo zinazokulinda leo dhidi ya surua uliyochanjwa ukiwa mtoto. Kati ya seli zilizokuwa zimeshaingiwa na VVU, chache ziliwahi kulala kabla hazijafa. Seli iliyolala haifungui kitabu, kwa hiyo ukurasa wa kirusi haunakiliwi. Haitoi protini ya kirusi hata moja. Kinga yako inapita mbele yake na haioni tofauti, dawa inapita na haina cha kubana. Hapo ndipo virusi vyako vilipo, dada.

Kile kipimo cha kituoni, cha damu ya mshipani au matone yaliyokaushwa kwenye karatasi, kinahesabu RNA ya virusi iliyo ndani ya damu ile. Hakisomi kitabu cha seli zilizolala kwenye tezi zako. Na kila mashine ina ukomo wa macho yake, chini ya nakala kadhaa haioni. Neno "havionekani" lina maana hiyo na si zaidi, na kwa maana hiyo ni habari njema kweli, nitaieleza mbele.

Nimewahi kufanya kazi ya kuziamsha seli hizi maabarani. Watu waliokuwa wameishi miaka mingi bila virusi kuonekana walijitolea damu, nyingi kuliko ya kipimo cha kawaida. Tunatenga CD4 zilizolala, tunazihesabu, tunazigawa kwenye trei zenye vishimo vidogo vidogo, kisha tunazitia kemikali ya kuziamsha. Kemikali hiyo hutolewa kwenye maharage mekundu, haya haya tunayopika, na seli ikiigusa hudhani vita imeanza. Tunaziongezea seli za mtu asiye na VVU ili kirusi kikitoka kipate pa kuingia. Trei inakwenda kwenye kabati la joto la mwili, nyuzi 37. Unasubiri wiki mbili. Siku ya kupima unatia dawa ya rangi na kukaa kuitazama trei. Vishimo vinabaki vyeupe, safu kwa safu, mpaka unaanza kufikiri labda huyu kweli hana kitu. Halafu kimoja, mwishoni kabisa mwa trei, kinaanza kugeuka rangi. Mwenye damu ile alikuwa mzee mmoja mwalimu, hajakosa kidonge tangu aanze, majibu yake yote safi. Nilikitazama kile kishimo muda mrefu. Kirusi kilikuwa kizima, kinazaliana kana kwamba hakijawahi kulala.

Kwa wastani seli za namna hiyo, zenye kirusi kizima kinachoweza kuamka, ni kama moja katika kila milioni ya CD4 zilizolala. Ni chache, naam. Ila zinapungua polepole mno: wataalamu walipozifuatilia kwa miaka waliona nusu yake huisha baada ya miezi kama 44, na kwa mwendo huo ungehitaji zaidi ya miaka 70 ya dawa kuzimaliza. Na kuna ubaya mwingine uliokuja kueleweka baadaye. Seli ya kumbukumbu hujigawa yenyewe mara kwa mara ili kumbukumbu isipotee, na ikijigawa inanakili kitabu chote pamoja na ukurasa wa mgeni. Hapo hakuna kirusi kilichotoka, hakuna hatua ya kirusi iliyotumika; ni seli yako inazaa seli yako. ARV haiwezi kuzuia hilo bila kuzuia mwili wako wenyewe kuishi. Kwa hiyo swali lako la miaka saba, jibu lake ni kwamba hata miaka ishirini ingekuwa vilevile.

Ulishaona mtu ana kisipi, mkanda wa jeshi? Ule ni tetekuwanga aliyougua utotoni. Kirusi chake kililala kwenye mishipa ya fahamu miaka thelathini, kinga ilipolegea kikaamka na kufuata mshipa mpaka kwenye ngozi. Kulala si tabia ya VVU peke yake, ingawa kile cha tetekuwanga hulala pembeni ya DNA yako na VVU kimejishona ndani yake.

Tuje kwa jirani. Mwili hauzilazi seli zote pamoja. Kila siku chache zinaamshwa na jambo hili au lile, mafua, kidonda, malaria, au bila sababu tunayoiona. Leo seli yako ikiamka na kutoa virusi, virusi hivyo vinakuta milango imebanwa na dawa uliyomeza jana usiku, vinapotea. Kwa jirani vinakuta milango wazi. Kwa watu wengi walioacha dawa, virusi huonekana tena kwenye damu ndani ya wiki mbili hadi nne. Kwake ni mwezi wa nne. Sijamwona na siwezi kusoma damu yake kutoka huku, lakini kunawiri hakupimi virusi. Virusi hupanda kimya, CD4 hushuka kidogo kidogo, na mwili huweza kuonekana mzuri miezi mingi, hata zaidi, mpaka siku kifua kikuu au homa ya uti wa mgongo inapobisha hodi.

Jambo hili lilijaribiwa kwa nia njema kabisa, hapa hapa kwetu. Utafiti mkubwa ulioitwa DART, uliofanyika Entebbe, Kampala na Harare, ulichukua baadhi ya watu waliokuwa wamepata nafuu kwa ARV, ukawapa likizo: wiki 12 bila dawa, wiki 12 na dawa, kwa zamu. Watu walikuwa wamechoka kumeza kama wewe, na kama likizo ingekuwa salama ingekuwa nafuu kwa wote. Mwaka 2006 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliokuwa likizoni walipata maradhi makubwa zaidi kuliko waliomeza bila kukatiza.

Kuna hatari nyingine, nayo ni ya wale wanaomeza leo na kuacha kesho. Kile kimeng'enya kinachoandika kinyumenyume hukosea mara nyingi, karibu kila nakala chache ina herufi moja iliyopinda. Nakala nyingi za makosa ni takataka. Lakini kwa bilioni kumi kwa siku, kila kosa la herufi moja linalowezekana litatokea mahali. Kosa moja tu la herufi moja, katika sehemu inayofahamika vizuri, linatosha kukifanya kirusi kisiogope lamivudine. Ndiyo maana tunapewa dawa tatu kwa pamoja: kukwepa zote tatu kwa mpigo ni vigumu mno. Dawa ikiwa pungufu mwilini, virusi vinazaliana huku vinaionja, na vile vyenye kosa la bahati ndivyo vinavyobaki. Huo mwandiko mpya nao unaingia kitabuni, unalala, na haufutiki.

Kuhusu maombi sina neno baya. Mimi mwenyewe naswali kabla sijagusa trei. Naliona tatizo pale tu mtu anapoambiwa aache kidonge kuwa ndiyo dalili ya imani yake.

Na habari njema niliyokuahidi ni hii. Unajua wilaya ya Rakai ya enzi zile, ambako kwenye mwalo wa Kasensero, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walianza kukonda na kufa kwa ugonjwa tulioita siliimu. Katika wilaya hiyohiyo, watafiti waliwafuatilia wanandoa 415 ambao mmoja alikuwa na VVU na mwenziwe hana, wakati ARV zilikuwa bado hazijafika vijijini. Matokeo yalitoka mwaka 2000: waume na wake 90 waliambukizwa, lakini hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi mwenye virusi chini ya nakala 1,500 kwa mililita. Walioanza kuuona ukweli huu ni watu wa vijiji vyetu, waliokubali kutobolewa mikono na kuulizwa mambo ya chumbani. Tafiti kubwa zilizofuata duniani zimelithibitisha: virusi visipoonekana, humwambukizi mwenzi wako kwa tendo la ndoa. Jirani yako amekipoteza hicho bila kujua, na kama ana mwenzi, mwenzi huyo yuko hatarini usiku wa leo.

Je, iko siku tutaacha kumeza? Nilikuomba uweke CCR5 moyoni. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin, aliugua saratani ya damu akiwa na VVU. Mwaka 2007 alipandikizwa uboho wa mtu aliyezaliwa bila kitasa hicho. Kinga yake yote ikawa mpya, isiyo na mlango wa kuingilia, na VVU hakikurudi tena mpaka alipofariki kwa saratani ile mwaka 2020. Wamefuata wengine wachache. Tiba hiyo yenyewe inaua watu wengi, haifanywi kwa mtu ambaye kidonge kimoja kinamtosha, lakini imetuonyesha kwamba kupona kunawezekana. Wengine wanajaribu kuziamsha seli zote zilizolala ili zimalizwe huku dawa imebana milango. Mpaka sasa kuziamsha wanaweza, kuzimaliza bado.

Na kama una mabinti, wajue pia kuhusu lenacapavir, sindano ya kinga inayochomwa mara mbili kwa mwaka, ambayo inalibana lile ganda la umbo la pia. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya wasichana na wanawake vijana wa Uganda na Afrika Kusini: kati ya 2,134 waliochomwa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyepata VVU.

Ila kabla ya yote hayo, nenda kwa jirani. Usiende na maneno ya kumhukumu, alichoka kama wewe ulivyochoka. Mwambie muende pamoja kituoni wiki hii, akamweleze mhudumu ukweli kwamba aliacha na tangu lini, asidanganye tarehe, maana kwa hiyo tarehe ndiyo watajua wampime nini. Asirudie kumeza vidonge vya zamani vilivyobaki kabatini, wala asikubali kugawana vyako. Akiogopa kufokewa, ingia naye chumbani.